Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Tabianchi: hesabuni na riba

Kwa Mheshimiwa Simon Stiell,
Katibu Mtendaji, Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi,
Bonn, Ujerumani.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo mikutano ya tabianchi hulizunguka mwaka baada ya mwaka bila kuligusa: gharama ambayo nchi maskini hulipishwa pale zinapokopa ili kujenga umeme safi. Najua wewe si mwamuzi. Wanaoamua ni nchi wanachama, na sekretarieti yako ni mtumishi wao. Lakini ninyi ndio mnaoandika ripoti ambazo wajumbe huja nazo mezani, na jambo lisiloandikwa humo ni nadra kujadiliwa.

Desemba 2023, mjini Dubai, baada ya takriban miaka 30 ya vikao, nchi zilikubali kwa mara ya kwanza kuandika kwamba dunia iondokane na mafuta ya kisukuku katika mifumo yake ya nishati. Katika mkutano huohuo ziliahidi kuongeza uwezo wa nishati jadidifu mara tatu ifikapo 2030. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa Belém, Brazil, zaidi ya nchi 80 zilitaka iandaliwe ramani ya kuitekeleza kauli ya Dubai. Uamuzi uliotoka haukuyataja mafuta ya kisukuku hata kwa jina. Wazalishaji wakubwa walilaumiwa, na lawama hiyo inawastahili. Ila mimi naona ipo sababu nyingine isiyosemwa sana. Serikali isiyojua itapata wapi fedha nafuu haiwezi kusimama kidete na kusema inaachana na makaa ya mawe na dizeli, hata kama haina kisima kimoja cha mafuta.

Na si kwamba serikali hizo hazioni hatari ya kutegemea mafuta ya wengine. Zimeiona kwa macho. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Ulaya ilianza kutafuta gesi kila pembe ya dunia ili kuziba pengo la gesi ya Urusi, na ilikuwa tayari kulipa bei yoyote. Soko likawa mwenye nguvu mpishe. Pakistan ilitangaza zabuni ya kununua shehena za gesi iliyosindikwa, yaani iliyogeuzwa kimiminika ili isafirishwe kwa meli, Julai mwaka huo, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyejitokeza. Bangladesh iliacha kununua gesi ya soko la papo kwa papo kwa sababu bei ilikuwa haishikiki, kisha ikatangaza mgao wa umeme nchi nzima. Gesi haikuwa imekwisha duniani. Ilikuwa baharini, ikielekea kwa mwenye pesa.

Kilichofuata Pakistan ndicho ambacho ningependa kila mjumbe akisome. Bili za umeme zilipanda hadi watu wakachoka, na paneli za sola kutoka China zikawa zimeshuka bei kupita kiasi. Watu wakaanza kuzinunua wenyewe: viwanda, wakulima wenye pampu za maji, familia zenye akiba. Mwaka 2024 peke yake nchi hiyo iliagiza paneli zenye uwezo wa takriban gigawati 17. Hakuna mkutano wa kimataifa ulioamuru hivyo. Wapo wanaolishangilia tukio hili bila kuangalia upande wa pili, nami siwezi kuungana nao moja kwa moja. Walioweza kununua paneli ni wale waliokuwa na kitu mfukoni. Waliobaki kwenye gridi wanaendelea kubeba gharama za mitambo ambayo mikataba yake inadai ilipwe hata ikiwa imezimwa. Mageuzi ya nishati yakiachiwa akiba ya mtu binafsi, maskini ndiye anayeachiwa deni.

Hatari haijaondoka, Mheshimiwa. Mwaka 2024 takriban mapipa milioni 20 ya mafuta yalipita kila siku katika mlangobahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, sawa na moja ya tano ya matumizi ya dunia, pamoja na karibu moja ya tano ya biashara ya gesi iliyosindikwa. Nchi inayowasha taa zake kwa shehena zinazopita hapo imeuweka umeme wake mikononi mwa majenerali isiowajua.

Nitajibiwa kwamba sola nayo ni utegemezi, kwa kuwa China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji wa paneli. Hoja hiyo ina uzito. Aprili 2025 China ilibana uuzaji nje wa aina 7 za madini adimu yanayotumika kwenye mota na vifaa vya kielektroniki, na viwanda vya magari katika mabara kadhaa vikahaha. Lakini tofauti iko hapa: meli ya gesi ikizuiwa leo, mtambo unazimika baada ya siku chache. Paneli zikizuiwa leo, zile zilizokwisha kufungwa juu ya paa zinaendelea kufanya kazi kwa miaka 25 au zaidi. Hasara ya kwanza ni giza. Ya pili ni kuchelewa kupanua.

Basi kwa nini nchi zenye jua kali kuliko zote ndizo zinazojenga polepole? Naomba tufanye hesabu pamoja, kwa tarakimu za mfano tu. Chukua mtambo wa sola unaogharimu dola milioni 100, zote za mkopo wa miaka 20 unaolipwa kwa marejesho sawa kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 4, marejesho ni takriban dola milioni 7.4 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 12, ni takriban milioni 13.4. Mwisho wa mkopo, wa kwanza amelipa kama milioni 147 na wa pili kama milioni 268. Paneli ni zilezile, na huenda yule wa pili ana jua zaidi. Umeme wake unakuwa ghali kwa sababu moja tu, nayo ni riba.

Mtambo wa dizeli au gesi hauumizwi hivyo. Kuujenga ni rahisi kiasi, gharama kubwa ni mafuta, na mafuta hulipiwa kidogokidogo kadiri yanavyotumika. Sola na upepo vinataka karibu fedha zote mwanzoni. Kwa hiyo riba inapokuwa juu, waziri wa fedha anasukumwa kuchagua mafuta hata kama moyoni hataki, na akishachagua amejifunga kwa miongo. Shirika la Kimataifa la Nishati limekwisha kuonyesha kwamba gharama ya mtaji kwa miradi ya sola katika nchi zinazoendelea ni zaidi ya mara mbili ya ile ya nchi tajiri. Afrika ina karibu moja ya tano ya watu wa dunia, lakini hupata takriban asilimia 2 tu ya uwekezaji wa nishati safi. Juu ya hayo, deni ni la dola ilhali mteja analipa bili kwa sarafu ya nyumbani. Sarafu ikiporomoka, mradi uliokuwa unajilipa unageuka mzigo wa taifa.

Sasa angalia tunavyohesabu misaada. Ahadi ya nchi tajiri ya kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka kwa ajili ya tabianchi ilitolewa Copenhagen mwaka 2009, itimie 2020. Ilitimia 2022, kwa hesabu ya wakopeshaji wenyewe, na zaidi ya theluthi mbili ya fedha za umma zilizohesabiwa zilikuwa mikopo. Mkopo wa dola milioni 10 unaandikwa kuwa mchango wa dola milioni 10, riba isitajwe. Mpango wa Afrika Kusini wa kuachana na makaa, uliotangazwa Glasgow mwaka 2021 kwa dola bilioni 8.5, ulipochambuliwa ulionekana kuwa na ruzuku ya takriban asilimia 4. Na Machi 2025 Marekani, mmoja wa wafadhili wake, ikajitoa. Baku, mwaka 2024, lengo likapandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Tukihesabu kwa mtindo uleule, tutasherehekea tena madeni.

Wewe una mfano karibu yako kuliko mtu yeyote. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga Carriacou, kisiwa unakotoka. Hati za dhamana za Grenada, yaani hati ambazo serikali hukopea kwa wawekezaji, zilikuwa na kifungu kinachoruhusu malipo kuahirishwa kimbunga kikipiga, na Agosti mwaka huo serikali ikakitumia. Wakopeshaji hawakufilisika, na nchi ikapata nafasi ya kuhema. Kifungu kile hakikuwepo kwa bahati. Kuna watu walikaa wakakidai wakati Grenada ilipokuwa ikipanga upya madeni yake. Masharti ya mkopo yanajadilika kama jambo lingine lolote, ilimradi kuna anayeyaweka mezani.

Ombi langu, basi, ni hili. Sekretarieti yako huandaa ripoti ya majumuisho ya michango ya kitaifa, yaani mipango ya tabianchi ambayo kila nchi huiwasilisha. Nchi nyingi zinazoendelea hugawa michango hiyo mafungu mawili, kile watakachofanya wenyewe na kile watakachofanya wakipata fedha. Zialike nchi hizo zitaje, kando ya fungu la pili, riba, muda na sarafu ya mikopo zinayopewa kwa miradi ya umeme leo, na riba ambayo ingeziwezesha kutekeleza. Kisha jumuisheni takwimu hizo na kuzichapisha nchi kwa nchi, ili mjumbe wa Berlin na mjumbe wa Lusaka waone ukurasa mmoja. Iombeni pia Kamati ya Kudumu ya Fedha ya Mkataba itenganishe, katika tathmini zake, ruzuku na mkopo, na mkopo nafuu na ule wa bei ya soko.

Hilo halihitaji mkataba mpya, na nchi itakayokataa kujaza safu hiyo itajulikana. Likianza sasa, rasimu ya kwanza inaweza kuwa mikononi mwa wajumbe kabla hawajakutana Antalya, Uturuki, Novemba 2026.

Wako mwaminifu,
Mfuatiliaji wa mazungumzo ya tabianchi