Bureti haisemi hivyo mara tatu

Mwanangu,

Ukiamka utakuta nimeshatoka. Mzigo wa Marikiti haungoji jua. Barua hii nimeibana chini ya kikombe chako.

Juzi ulibamiza mlango ukisema mwalimu wa kemia anakuonea. Jana nikaenda kumwona, tena kwa hasira. Akanitolea karatasi yako ya vipimo vya bureti, ule mrija wa kioo wenye alama na koki: 25.00, kisha 25.00, kisha 25.00. "Mama," akasema, "bureti haisemi hivyo mara tatu." Mimi ni muuza viazi. Mizani ikinipa kilo zilezile kwa magunia matatu, najua imekwama au kuna mtu kaichezea. Nikanyamaza.

Hata hivyo nikamwomba alama mbili tu, kwa kuwa tokeni za umeme ziliisha na ulisoma gizani. Akakataa kwa adabu. Hatakupunguzia kemia kwa sababu unatoka Kayole; atakayesahihisha karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya maabara ya mtihani wa kumaliza sekondari, hajui Kayole ni wapi.

Halafu akafungua daftari lingine. Ana bureti 6 kwa wanafunzi 52, na humo huandika nani ameishika siku gani. Jina lako halimo tangu muhula uanze! Kikundi chenu kimekufanya karani kwa ajili ya mwandiko wako: wavulana wanafungua koki, wewe unaandika. Alikiri alichelewa kuliona hilo. Kuanzia sasa karani atabadilishwa kila kipindi.

Hapo ndipo nilipolainika. Mimi bureti niliiona mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe. Mwalimu wetu alikuwa akituandikia ubaoni rangi ambazo tungeziona, nasi tunanakili. Mikono ilivyonitetemeka siku ile sijawahi kukusimulia.

(Ukutani ana picha ya Bruda Peter Tabichi wa Keriko, kule Njoro, aliyetuzwa mwalimu bora duniani mwaka 2019. Shule yenye kompyuta moja, akaniambia, kisha akarudi kusahihisha.)

Jumamosi saa tatu atafungua maabara, na hatozi kitu. Utadondosha alkali kwenye asidi, jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini ya ule mbonyeo wa maji, mpaka tone moja lilete uwaridi hafifu usiopotea. Alinionyesha; nami nilishika koki, usicheke.

Nauli iko kwenye kopo la majani chai. Jioni niletee namba ulizozisoma mwenyewe, hata kama zinagombana.

Mama