Barua ya wazi kwa wazazi wa shule zetu za kata, Moshi

Wazazi wenzangu, salaam.

Kwenye kikao kilichopita mlicheka. Majina ya watoto waliopata daraja la sifuri, yaani waliofeli, kidato cha nne yalisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na vicheko vikafuata. Binti mmoja alikuwa mlangoni, amekuja kumwita mama yake. Akasikia jina lake. Nimefundisha hadi nikastaafu, na kikao kile kimenikera kuliko nilivyoweza kusema siku ile.

Mnasema hana akili. Binti huyo huja kwangu jioni kusoma, na ameniruhusu niandike haya. Nilimuuliza kwa Kiswahili mmea unatengenezaje chakula chake. Alinieleza jani, maji, hewa ya ukaa na mwanga wa jua bila kuruka hatua. Nikamwandikia swali lilelile kwa Kiingereza. Akalinakili lilivyo, neno kwa neno, kwa mwandiko safi, ndiyo likawa jibu lake. Msahihishaji angempa nini? Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kafika kidato cha kwanza masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, na hakuna aliyemshika mkono kuvuka. Mwenzake wa shule ya kulipia kaanza na lugha hiyo tangu chekechea. Wote wawili NECTA, baraza la mitihani la taifa, inawapa karatasi moja, kisha tunashangaa pengo! Matokeo ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri, hadi serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Nusu ya vijana wa nchi hii walikuwa wajinga mwaka ule?

Tangu 2016 ada imefutwa, nasi tukajifutia na wajibu. Mliombwa mahindi na maharage ili watoto wapate makande mchana, mkanuna. Mtoto kashuka kutoka Kibosho na chai ya rangi tumboni, saa nane mchana mnamtaka akokotoe hesabu. Lakini kipaimara kikifika kamati inakaa, kadi zinagawiwa, mbuzi anapatikana. Kwa hili siwaonei haya, ndugu zangu.

Mengine nayataja tu. Matokeo ya kidato cha pili yasomeni, maana ndiyo yanayowaonyesha mapema mtoto amekwama wapi. Binti asipike na kuteka maji peke yake huku kaka yake ameshika daftari. Acheni kutulinganisha na shule zinazochagua wa kuingia na kumwondoa asiyefikisha wastani. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Na walimu wetu wasitukanwe, maana mmoja anabeba madarasa ya watu watatu.

Wanangu mliosomwa majina, D inaanzia alama 30, na D mbili ni daraja la nne, la mwisho la kufaulu. Binti yetu ana D moja, ya Kiswahili, lugha aliyofundishwa kwayo. Hakuwa mbali.

Anataka kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama yake, mlipie usajili mapema. Kufundisha nitafundisha mimi, bure, Jumatatu hadi Alhamisi saa kumi na moja jioni. Na wengine mliocheka, waleteni wa kwenu.

Mwalimu mstaafu,
Moshi