Mwani Hauna Likizo

Paje, Unguja, mwezi wa nane

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua, anakusalimu. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu humwachi mtu akamaliza maneno. "Mama nakupigia, niko maabara," kisha kimya mpaka kesho kutwa. Atakuletea kaka yako na gari ya asubuhi, pamoja na pweza mkavu. Pweza ugawane na wenzako wa fildi, barua usome peke yako.

Kwanza hilo lililokuliza. Umesema umepima uzito wa mwani wiki mbili nzima bila kuukung'uta maji, na msimamizi wako akakwambia namba zote hazifai, anza upya. Mimi sikucheka. Bibi yako alicheka, akasema mtoto kazaliwa kwenye mwani halafu anatiliwa maji kwenye mizani! Usimkasirikie. Unamkumbuka mnunuzi anavyofanya: haamini mizani mpaka atie mkono katikati ya gunia, afumbate konzi ya mwani, asikie kama umekauka kweli. Kilo saba nane za mbichi ndiyo kilo moja kavu, hayo mengine yote ni maji. Mwaka wangu wa kwanza nilirudishiwa magunia manne, nikaanika upya, na usiku ule ule ikanyesha mvua. Kwa hiyo wiki zako mbili mimi naziona nafuu. Msimamizi wako angekunyamazia mpaka wiki ya nane, ungelia zaidi.

Na hayo ya kuosha chupa kutwa, wakati mwenzako wa skuli kapata fildi benki anakaa kwenye kiyoyozi, sina la kukwambia. Osha.

Lakini kuna jambo limenikaa moyoni tangu uliponisomea ile ripoti yako ya nusu. Umeandika maji ni nyuzi 26 na mwani unakua vizuri. Ni kweli. Sasa hivi kusi inavuma, ukiingia asubuhi magoti yanakufa ganzi, na mwani umenona hata kamba tunazoufungia zinalala chini. Miaka yote wanafunzi wanakuja mwezi wa saba na kuondoka wa tisa, kwa kuwa ndipo vyuo vinapofunga, na wote wanaukuta mwani wetu katika siku zake nzuri. Mwezi wa pili simwoni mtu. Njoo mwezi wa pili, kaskazi imetulia, maji yamekupwa saa nne za asubuhi na jua liko kichwani, utie mguu kwenye vidimbwi vilivyobaki. Utautoa. Hapo ndipo kotonii, ile aina ya mwani yenye bei, inapogeuka nyeupe kwenye viungo, kipande kwa kipande, na ukiishika inakukatikia mkononi.

Hili unalijua, umelikulia, ila nimeona kwenye karatasi umelisahau. Kilimo cha mwani wa kuuza kilipoanza hapa na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, bibi yako alikuwa katika wanawake wa mwanzo kufunga kamba. Kulikuwa na aina mbili. Spinosam mvumilivu, lakini bei yake haifiki popote. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo iliyojenga hiki chumba unacholala ukija. Leo kotonii haikai tena kwenye maji mafupi, tumebaki na spinosam. Wataalamu wanatuambia tuipeleke kwenye kina, ndani ya neti, na wala hawasemi uongo. Ila kwenye kina panataka chombo na panataka kuogelea, na wewe unajua ni wangapi katika sisi tunaojua kuogelea.

Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, sisi hatujafunga hata kamba moja. Wewe umepewa wiki nane. Zitumie, lakini pale ulipoandika "mwani unakua vizuri" ongeza "mwezi wa saba na wa nane". Maneno machache tu.

Sasa hayo mahojiano unayoanza wiki ijayo. Nitakueleza nililolifanya mimi, na usimwambie mtu. Mwaka juzi alikuja binti wa chuo, mpole, kavaa buti za mpira, kishikwambi mkononi. Kanikuta natoka na kijaluba changu cha taitai, zile nyuzi za kufungia mwani, maji ndiyo kwanza yanatoka. Bamvua hiyo, mwanangu! Siku ambazo maji yanakupwa sana na kila dakika ni kamba. Akaanza: kwa kipimo cha moja hadi tano, unaridhika kiasi gani na bei? Na mbegu? Na chama cha ushirika? Maswali hayaishi. Mimi nikajibu tatu. Tatu, tatu, tatu, mpaka mwisho, nipate kwenda zangu. Aliponiuliza nina kamba ngapi nikamwambia 40. Nilikuwa nazo 70. Nilidhani ni watu wa msaada, na mwenye nyingi hapewi. Wallahi sikukusudia ubaya. Lakini hiyo 40 yangu sasa imo kwenye kitabu cha mtu mahali fulani, na yule binti sijamwona tena aje anambie wamegundua nini.

Wewe ukitaka kuona kazi, njoo bamvua, uingie majini ufunge na wao, uulize huku mikono inafanya kazi. Ukitaka kuuliza mambo ya pesa, subiri maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, watu wako majumbani wanasuka ukili na hawana haraka. Kalamu itoe mwisho. Na usimwite mtu mzima "mshiriki". Mwite bi fulani.

La mwisho, nilitaka nikuoneshe, ndiyo maana nakwambia uje. Mwezi wa pili nilipata mbegu kidogo ya kotonii, nikafunga kamba tano ndani ya mkondo, pale maji hayakauki hata yakikupwa sana. Nimezitia uzi mwekundu zisichanganyike na za watu. Mbili zilikufa zote. Moja ilichukuliwa na kusi. Mbili zipo, nimekata mbegu na kufunga upya mara tatu. Tarehe nimezipiga mstari kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya msikiti, usije ukaichana ukisafisha.

Bamvua ijayo ni mwezi mwandamo. Omba ruhusa siku mbili, uje na kipimajoto chako na ile mizani ndogo. Na unipitie sokoni Darajani uninunulie taitai, zangu zimekwisha.

Mama yako