Mkanda wa kwapani ulimvunja mdogo wangu mbavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu tunaosafiri kila siku kati ya Moshi na Arusha kuhusu mkanda wa usalama wa gari.

Ukipanda gari asubuhi pale Moshi, tazama kinachotokea mkikaribia mahali trafiki wanaposimama. Dereva anasema, "Mzee, vuta mkanda huo." Abiria wa mbele anauvuta, anaulaza kifuani na kuushika kwa mkono bila kuuchomeka. Mkishampita trafiki, unaachiwa. Wengine wanauchomeka kweli, ila wameupitisha nyuma ya mgongo, au chini ya kwapa kwa kuwa unawakwaruza shingo. Kwa aliyesimama nje, wote hao wamefunga mkanda. Hata mimi niliamini hivyo hadi Aprili ya mwaka juzi.

Masika yale, gari la familia yetu liliteleza karibu na daraja la Kikavu, likagonga kingo. Shemeji yangu alikuwa anaendesha, na mdogo wangu wa kike, mke wake, alikaa mbele kushoto. Wote wawili walikuwa wamefunga mkanda. Shemeji alitoka na michubuko kutoka begani hadi kiunoni, na baada ya wiki mbili alikuwa amerudi kazini. Mdogo wangu ni mfupi, na kwa miaka yote alikuwa anaupitisha mkanda kwapani. Alivunjika mbavu tatu na bandama ikapasuka. Ilibidi itolewe usiku uleule. Leo yuko hai, namshukuru Mungu, lakini homa kidogo tu inatukimbiza hospitali, kwa sababu mwili usio na bandama hupambana na baadhi ya maambukizi kwa shida.

Majirani waliokuja kutupa pole walisema, "Unaona? Mkanda ndio uliomuumiza. Bora asingefunga." Neno hilo ndilo lililonisukuma kuandika, kwa kuwa nalisikia tena na tena, na linaua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa karibu nusu. Kwa mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, gari linakwenda takriban mita 14 kila sekunde. Likisimama ghafla, asiyefunga anaendelea na mwendo huohuo hadi akutane na kioo au dashibodi, sawa na mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Mkanda haukuwa adui wa mdogo wangu. Ulikuwa mahali pasipo pake.

Daktari aliyemfanyia upasuaji alitueleza kwa upole. Mkanda umekusudiwa kushikwa na mifupa migumu: juu upite katikati ya bega, juu ya mtulinga, ushuke kidarini, chini ulale kwenye mifupa ya nyonga, karibu na mapaja. Mbavu za chini hazikuumbiwa kazi hiyo. Tena magari yetu usukani uko kulia. Mkanda wa dereva unashuka kutoka bega la kulia, kwa hiyo akiupitisha kwapani unambana mbavu za kulia, na nyuma yake kuna ini. Wa abiria wa mbele unatoka bega la kushoto, na huko ndiko iliko bandama.

Lililoniuma zaidi nililigundua baadaye, gari likiwa gereji. Kwenye nguzo ya mlango, pale mkanda unapotokea, kulikuwa na kitufe cha kuupandisha na kuushusha. Ungeshushwa kidogo tu usingemgusa shingo. Tulikuwa na gari lile miaka minne na hakuna aliyewahi kutuonyesha, hata chuo cha udereva nilikosomea mimi.

Anayeupitisha nyuma ya mgongo naye amebaki na kipande cha tumboni peke yake. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, alibuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959 ili kifua na nyonga vishikwe kwa pamoja. Ukiondoa kifua, mwili unajikunja na kichwa kinakwenda mbele. Kinachonikasirisha zaidi ni vile vichuma vya kuchomeka kwenye kifungio ili kengele ya gari inyamaze. Mtu anatoa pesa yake kununua kitu cha kumdanganya yeye mwenyewe!

Kwa mama mjamzito, kipande cha chini kipite chini ya tumbo, kamwe si juu yake, na cha juu kipite kati ya matiti na pembeni ya tumbo. Mwezi Juni na Julai, baridi ya kwetu inapotuvika makoti mazito, fungua koti kwanza ndipo uvute mkanda ukaze, maana unene wa koti huacha nafasi ambayo mwili utairuka kabla ya kushikwa. Kiti nacho kisilazwe sana. Aliyejilaza huteleza chini ya mkanda, ukamkuta tumboni.

Na watoto jamani. Kwenye Noah naona mama amempakata mtoto, kisha amezungusha mkanda mmoja kwa wote wawili, akidhani anamlinda. Gari likigonga, uzito wote wa mama unamkandamiza mtoto kwenye mkanda ule. Kumshika kwa mikono nako hakutoshi, kwani mtoto wa kilo 10 wakati huo anavuta kama mzigo wa kilo mia mbili na zaidi. Mwenye gari lake binafsi, kabla ya kuweka redio mpya, anunue kiti cha mtoto. Na madereva wetu wa abiria waache kubananisha watu wawili kwenye siti moja ya mbele yenye mkanda mmoja.

Mhariri, naomba gazeti lako lichapishe mchoro mkubwa unaoonyesha mkanda unapopita begani na nyongani, wa mtu mzima na wa mama mjamzito. Nitaukata na kuubandika kwenye gereji ya jirani yetu na kwenye kituo ninapopandia gari. Mdogo wangu ameomba nakala yake aipeleke kwenye kikundi chao cha akina mama.

Msomaji wako,
Moshi