Bei ya betri chakavu ndiyo inayomwaga tindikali ufukweni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya maoni nizungumzie jambo ambalo, kwa ninavyoliona katika mialo ya Ziwa Victoria ya Igombe, Kayenze na kule Ukerewe, limekuwa likiongezeka bila kelele tangu wavuvi wa dagaa walipoanza kuziacha karabai na kutumia taa za umeme. Jambo lenyewe ni betri zilizokufa, na hasa yale maji yaliyomo ndani yake.

Sina ugomvi na taa hizo. Karabai ilikula mafuta ya taa usiku kucha, utambi wake ulikatika kwa mtikisiko mdogo tu wa mtumbwi, na mvuvi aliyebadilisha anaijua mwenyewe nafuu aliyoipata. Hata hivyo, wengi wetu tumeipokea betri bila kuelezwa inavyofanya kazi, na kutokana na hilo hatujui tunamwaga nini tunapoipindua kichwa chini.

Betri ya risasi (ile metali nzito yenye sumu) na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika. Betri ya volti 12 ina seli 6, kila moja ikitoa takriban volti 2. Katika kila seli kuna sahani za risasi tupu na sahani zilizopakwa oksidi ya risasi, zote zikiwa zimezama katika asidi ya salfuriki, ndiyo hiyo tindikali, iliyochanganywa na maji. Taa inapowaka, elektroni hutoka kwenye sahani za risasi, hupita katika taa na kuingia kwenye sahani za oksidi, na wakati huohuo salfeti iliyokuwa ndani ya asidi hujishikiza kwenye sahani za pande zote mbili huku asidi ikizidi kuwa nyepesi. Betri inapochajiwa, mambo hayo yote hurudi kinyume: salfeti huachia sahani na asidi hurudia ukali wake.

Kwa kuwa asidi hupungua nguvu betri inapoisha chaji, watu wengi huamini kwamba kilichobaki ndani ya betri iliyokufa ni maji tu. Si kweli. Ni asidi iliyopungua, ambayo bado inatoboa nguo na kuunguza ngozi, tena imebeba chembe za risasi zilizomeguka kutoka kwenye sahani kwa muda wote ambao betri ilitumika. Anayemwagia majivu au magadi ili kuua ukali anapunguza asidi, lakini risasi inabaki palepale mchangani.

Betri hizi pia hufa mapema kuliko inavyopaswa. Nyingi zinazouzwa kwa wavuvi ni za gari, ambazo sahani zake ni nyembamba kwa sababu zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kuchajiwa mara moja. Mvuvi huiwashia taa hadi alfajiri, ikaisha kabisa, na pengine ikalala hivyo siku nzima kwa sababu kuna mawingu au kwa sababu fundi wa kuchaji ana foleni. Salfeti iliyoachwa kwenye sahani huganda na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiwezi tena kuzirudisha kwenye asidi. Zipo betri zenye sahani nene, zilizotengenezwa kwa matumizi ya sola, na ni ghali zaidi. Hata hizo zingeishi muda mrefu zaidi kama zisingetumiwa chini ya nusu ya chaji yake. Muuzaji anayeyajua haya na kunyamaza, kwa maoni yangu, anauza betri mbili mahali pa moja.

Niingie sasa katika kiini cha barua hii. Wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita mwaloni hununua betri kwa kilo, na wengi wao hawataki kulipia uzito wa kimiminika, kwa hiyo humtaka mwenye betri aimwage kwanza. Mvuvi hana sababu ya kukataa, kwani asipoimwaga hauzi. Kwa hiyo tindikali inaishia kwenye mchanga, mtaroni au moja kwa moja majini, na si kwa sababu wavuvi ni wakaidi au hawajaelimishwa, bali kwa sababu bei yenyewe imepangwa hivyo. Semina kuhusu mazingira haiwezi kushindana na mizani ya mnunuzi.

Kisha kuna wanaoyeyusha. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi tu, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila shida, na ndiyo maana utakuta vipande vya kuzamishia nyavu vikitengenezwa uani, watoto wakiwa karibu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 ya risasi ambayo mtu mzima angefyonza kwa kiasi kilekile alichomeza. Kule Thiaroye-sur-Mer, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 mahali ambapo betri chakavu zilikuwa zikivunjwa. Hapa jirani, mtaani Owino Uhuru jijini Mombasa, wakazi waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Najua atatokea wa kusema kwamba ziwa letu ni kubwa, kilometa za mraba zipatazo 68,800, na kwamba betri chache haziwezi kulidhuru. Risasi haisambai hivyo. Huzama na kukaa katika tope la hapohapo pwani, ambapo watu huoga, hufua, huchota maji na kuanika dagaa. Ukubwa wa ziwa haumsaidii mtoto wa Kayenze.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na taka hatarishi haziruhusiwi kukusanywa au kusafirishwa na mtu asiye na kibali. Kinachokosekana ni utaratibu wa biashara unaomfanya mvuvi apate faida kwa kuirudisha betri ikiwa nzima. Nchini Marekani, katika majimbo mengi, anayenunua betri bila kurudisha ya zamani hutozwa fedha ya ziada ambayo anarudishiwa akiileta, na zaidi ya asilimia 95 ya betri za aina hii hurejelewa.

Naziomba halmashauri za Ilemela, Nyamagana na Ukerewe zianzie kwenye leseni: duka linalouza betri lilazimike kupokea betri kuukuu ikiwa na tindikali yake, na mnunuzi wa chakavu alipe bei kwa betri nzima badala ya kwa kilo, huku iliyomwagwa ikikataliwa au kulipiwa kidogo. Vikundi vya usimamizi wa mialo na rasilimali za uvuvi (BMU), ambavyo tayari vinasimamia mialo na vinamfahamu kila mwenye chombo, vipewe banda dogo lenye sakafu ya zege na mapipa ya plastiki ambamo betri zitasubiri kusafirishwa zikiwa zimesimama wima. Gharama ya banda hilo inaweza kutolewa na wauzaji wenyewe kwa kiasi kidogo katika kila betri wanayouza, na BMU iwe na mamlaka ya kumzuia mnunuzi yeyote atakayeonekana akipindua betri mwaloni.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa kemia,
Nyamagana, Mwanza.