Kabla hujapanda boti

Mtoni, Unguja

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam alaykum. Uliponiuliza kwenye simu kama mkubali viinitete vyenu, yaani mayai yako yaliyorutubishwa maabara, vipimwe kabla ya kupandikizwa tumboni, nilishikwa na kilio nikashindwa kukujibu. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza lile linalokutafuna. Mimba zako tatu hazikutoka kwa sababu ya ndoo ulizobeba. Nyingi zinazoharibika mapema huwa zimeanza na hesabu mbovu ya kromosomu, vile vinyuzi ndani ya seli vinavyobeba urithi. Seli inatakiwa iwe na 46, nusu za mama na nusu za baba. Yai likigawanyika vibaya, moja huzidi au hupungua. Na mayai haya tumezaliwa nayo, yanazeeka pamoja nasi. Kwa miaka 38 kama yetu, yenye kasoro huwa mengi. Waambie na mawifi zako hivyo hivyo.

Mimi siku ya tano maabara nilibakiwa na viinitete vinne. Kila kimoja walikitoa seli chache, si za upande unaokuwa mtoto, ni za utando wa nje unaokuja kuwa kondo la nyuma. Wakavigandisha, tukarudi kungoja.

Ulikuwa msimu wa karafuu, nikaenda kwa mama, Mtambwe kule Pemba. Tumekaa jamvini tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, simu iko mapajani. Mama akaniuliza, "Hicho kipimo kinawatengeneza?" Nikamwambia hapana, kinachambua tu. Akanyamaza, akachota kiganja cha karafuu, akasema, "Basi zikija chache, kuchambua hakuziongezi." Hakuna daktari aliyenieleza vizuri kuliko hivyo.

Majibu: viwili vibovu, kimoja kikiwa na kromosomu tatu za namba 18 badala ya mbili. Kimoja kizima. Na kimoja mchanganyiko, seli nyingine sawa, nyingine kombo. Hapo nilikasirika, maana hakuna aliyetuambia mapema kuwa jibu kama hilo lipo. Zile seli za pembeni huenda zisiseme kweli ya kiinitete chote, na wapo watoto wazima waliozaliwa kutokana na vya namna hiyo. Uliza mapema watakifanya nini, usingoje kama mimi.

Kile kizima kilipandikizwa. Hakikushika. Nililala siku tatu sitaki kuona mtu.

Daktari wa pili alinionesha utafiti wa mwaka 2019 wa wanawake wa miaka 25 hadi 40: kwa jumla, waliopimiwa viinitete hawakuwashinda wenzao kwa kushika mimba. Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mkipata viinitete vingi, pimeni, kwa sababu kila mimba inayotoka inakula mwili wako na mwaka wako. Vikiwa viwili, mimi nisingepima, ningepandikiza.

Jengine, mdogo wake shemeji ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kipimo hiki kinahesabu kromosomu tu, selimundu hakiioni. Hiyo ina kipimo chake, na nyinyi wawili mnapimwa damu kwanza. Msikubali kuondoka kwa daktari kabla hamjalijua hilo.

Njoo na makaratasi yote, hata yale ya mimba ya kwanza, tuyasome pamoja. Na shemeji aje, haya si ya kusimuliwa. Nitakungojea bandarini Malindi, hata boti ikichelewa.

Shoga yako,
Zuhura