Dirishani tunasemeshana kama mzazi na mtoto

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi niseme kidogo juu ya lugha tunayopeana maofisini, madukani na hata majumbani kwetu, Pemba na Unguja, maana kila likizuka la kuzuka utasikia ati vijana wa siku hizi hawana adabu, au ati wafanyakazi wa ofisi wana kiburi, basi mjadala umeisha kila mtu anakwenda zake. Mie naona hapo penyewe bado hatujapagusa.

Kuna dokta mmoja wa maradhi ya akili, Eric Berne, kazaliwa Montreal huko Kanada mwaka 1910, kasomea udaktari Chuo Kikuu cha McGill halafu kahamia Marekani, na vita vya pili vya dunia alikuwa dokta wa jeshi. Mwaka 1956 wakubwa wa taasisi ya wafuasi wa Freud, yule dokta aliyeanzisha tiba ya akili kwa mazungumzo, kule San Francisco walimkatalia uanachama, yeye akashika njia yake mwenyewe akaja na nadharia inayoitwa uchambuzi wa miamala. Muamala ni pale unapomwambia mtu neno na yeye akakujibu, basi, na Berne akawa anauliza swali moja tuu: neno lile limetoka sehemu gani ya huyu na limeingia sehemu gani ya yule?

Maana anasema kila mtu, awe na miaka sita au sabini, ndani yake mna watatu. Mna Mzazi, ndio zile sauti za baba, mama na maalim wa chuoni tulizozishika tukiwa wadogo, zinazokanya na zinazobembeleza pia. Mna Mtoto, mwenye furaha, woga, kununa na ukaidi. Na mna Mtu Mzima, ambae anatazama jambo lilivyo hapa na sasa, nini kinatakiwa, kipo wapi, tufanye nini. Umri haumo kabisa, mtoto wa darasa la pili akikwambia "mama gesi imekwisha, niende dukani?" hapo kasema kwa Mtu Mzima wake, na babu wa watu akisusa kula kwa sababu chai imechelewa huyo ni Mtoto.

Sasa njooni kwenye dirisha la ofisi. Mzee kafika na fomu yake mkononi, kapanga foleni tokea asubuhi, kijana wa ndani anaipitisha jicho mara moja na kumrudishia: "Si mliambiwa mje na kopi ya cheti? Hamsikii nyie!" Hapo kijana kasema kwa Mzazi mkali na kampelekea yule mzee sehemu yake ya Mtoto, lakini mzee wa watu hakubali kuwa mtoto mbele ya foleni nzima, anapanda na yeye kwenye Mzazi wake, "wee kijana una umri wa mjukuu wangu, kwenu hamkufunzwa?" Sasa wazazi wawili wanakanyana, walio nyuma wengine wanacheka wengine wanasonya, na kopi ya cheti haijatajwa tena. Berne huu anauita muamala uliopishana, na anasema ukishapishana lile jambo lenyewe linasimama mpaka mmoja ahame pale alipo.

Na kuhama hakutaki kozi ya miaka mitatu. "Shikamoo babu. Kila kitu kipo sawa, imebaki kopi ya cheti tuu, fotokopi ni lile duka la pembeni, ukirudi usipange foleni njoo hapa hapa kwangu." Maneno hayazidi sana yale ya mwanzo, ila hapa mzee kaambiwa kinachokosekana na kinapopatikana, na shikamoo yake kaipata.

Hii shikamoo naisisitiza kwa sababu wapo watakaosema nadharia hii ya kizungu itatuvunjia heshima zetu, ati mkubwa na mdogo wasemeshane sawasawa. Siyo. Heshima ya mkubwa inabaki pale pale, unaweza kumwita babu, ukamwinamia, ukampa kiti, halafu ukamweleza jambo kama mtu mwenye akili timamu anaeweza kuamua. Tulichokosea ni kufanya heshima iwe mdogo kunyamaza na mkubwa kukaripia, na tumeipeleka mpaka skuli na hospitali, mama mwenye watoto watano anaulizwa na muuguzi wa rika la mwanawe "ulikuwa wapi siku zote hizo?" badala ya "maumivu yalianza lini?" Yule mama hatojibu kweli, atajitetea, na dokta atakosa habari anayoihitaji kumtibu. Hili linaniuma kuliko yote.

Na kwenye salamu sie tuna utajiri ambao huyo Berne angeuhusudu. Yeye anasema mtu ana njaa ya kutambuliwa kama alivyo na njaa ya chakula, na alihesabu kuwa Wamarekani wawili wanaojuana wakikutana njiani wanapeana maneno manne kwa manne kisha kila mtu na njia yake, na siku mmoja akipunguza mwenzake anabaki kujiuliza kuna nini. Sisi tutaulizana wazima huko, watoto hawajambo, vipi shamba, mgonjwa anaendeleaje, alhamdulillah nyingi kabla hujasema kilichokuleta. Halafu tukishakaa nyuma ya kioo cha ofisi tunaviacha vyote hivi kwenye ngazi, mtu anapokelewa na "haya, sema".

Kuna na muamala wa tabaka mbili, juu kinasemwa hiki na chini kimekusudiwa kile, na hapa nafikiri wanawake wa kwetu wangemfundisha yeye. Bibi kaanika kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" kwenye kamba inayotazama mlango wa jirani, ukimuuliza atakwambia kaanika nguo, na kweli kaanika nguo, lakini jirani barua yake keshaisoma. Kwa nadharia hii kitakachofuata baina yao kinaamuliwa na lile la chini, si la juu. Kwa hiyo sheha, kiongozi wa mtaa, akiitwa kusuluhisha asihangaike na kamba na uwanja wa nani, aulize walianza lini kununiana.

Barazani nako kuna ule mchezo alioupa jina la "kwa nini usi... ndio, lakini". Bwana analalamika kijana wake kafeli, mmoja anamwambia mpeleke tuisheni, ndio lakini pesa, mwengine mbadilishe skuli, ndio lakini mbali, basi amsomeshe kaka yake, ndio lakini hawaelewani, mpaka kahawa inakwisha. Berne anasema huyu hakuja kutafuta ushauri, anachopata ni kila mtu kushindwa mbele yake. Muulizeni tuu "wewe mwenyewe umefikiria nini?" muone atakavyotulia.

Ombi langu ni kwa wanaotayarisha semina za kuhudumia wateja, ambazo wafanyakazi hufundishwa kutabasamu na kusema karibu. Chukueni siku moja muwaweke wawili wawili waigize dirisha, mmoja awe mzee wa foleni mmoja awe wa ndani, wabadilishane viti, wasikie linavyoingia sikioni lile "hamsikii nyie". Na wewe Mhariri, tutafutie mtaalamu wa saikolojia awe na safu yake gazetini kila wiki, tumpelekee maswali. La mwanzo ninalo: mfanyakazi anaekaripiwa na bosi wake asubuhi nzima, afanyeje asiyahamishie kwa mtu wa dirishani?

Ahsante.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba